Ushuhuda wa Nyumba Isiyoanguka

Siku tulipombatiza mtoto wa Feza, waliokula nyumbani kwangu walikuwa hawa: Feza mwenyewe, wa tatu katika sisi wanne, na mume wake Kabamba; Monga, mziwanda wetu, ambaye sasa ana ndevu; Banza, anayenifuata mimi, aliyefika jana yake kutoka mji wa Tenke na mfuko mmoja wa nguo; Pasta Umba, aliyestaafu na anayetembea kwa fimbo; Mama Mujinga, jirani yetu wa zamani; na Tata Mwepu, ambaye hakualikwa. Mimi, Ngoie, mkubwa wao, nilikuwa nikipakua. Tata Mwepu alikuwa akipita barabarani, akasikia nyimbo, akaingia. Kwetu mtu akiingia wakati wa chakula haulizwi amefuata nini, anapewa maji ya kunawa. Alikula bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, akala kuku, na alipokuwa akimaliza kipande cha pili alisema neno moja huku akicheka. Neno hilo ndilo lililonikalisha kuandika habari za mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha miaka miwili kabla, kwa sababu wazazi hawakuwapo tena na mtu mmoja ilibidi abaki nyumbani. Banza alikuwa na kumi na saba, Feza kumi na mbili, Monga minane. Tulichokuwa nacho ni nyumba: matofali ya kuchoma, mabati, sebule na vyumba viwili, katika mtaa ulio upande wa Musonoi. Mimi na Feza na Monga tulilala chumba cha nyuma, Banza cha mbele. Nyuma ya ukuta wa chumba chetu, nje, palikuwa na kinu. Kila asubuhi nilitwanga sombe pale, nikapika kwenye mbabula mbili za makaa, na saa sita nilikaa kando ya barabara nikiuzia wachimbaji, wale tunaowaita bakrezere. Nilikuwa nikitwanga kwa namna yangu: mapigo mawili, kisha kimya kidogo nikirudisha majani katikati kwa mkono, kisha mawili tena. Mama Mujinga alizoea kusema hata akiwa kitandani anajua kama Ngoie ameamka.

Mwanzoni mwa mwaka mtu mmoja wa mtaa wa pili alichimba shimo la choo akakutana na mawe meusi, yale yenye kobalti. Hazikupita wiki sita, mtaa mzima ulikuwa umefunikwa kwa maturubai. Watu hawakuchimba uwanjani tu. Walitoa makochi nje, wakapasua saruji ya sebule, wakashuka. Ungeenda kumsalimu mtu ukamkuta barazani akichambua mchele, na ndani, mahali palipokuwa na meza na picha ya harusi, kamba imening'inia na sauti za vijana zinatoka chini ya ardhi. Desturi ilikuwa hivi: mkuu wa kikosi, ambaye wachimbaji humwita pedeje, huja Jumapili mchana akiwa amevaa shati safi, analeta chupa za sukre, yaani soda, kwa watoto, anakaa, anauliza habari za afya, na baadaye sana anauliza kama anaweza kuona sakafu. Mwenye nyumba akikubali, anapata sehemu yake katika kila gunia linalotoka.

Kwetu alikuja Tata Mwepu. Alileta chupa nne. Alikuwa mtu wa kanisa la upande mwingine, na alijua maandiko kuliko mimi.

"Mama Ngoie," akaniita mama, mimi wa miaka kumi na tisa, "Mungu aliisha kusema mu Isaya, atakupa mali ya mu giza, bitu bya kufichwa. Bakrezere bote banaijua ile verse. Mi niliiandika ku bashi yangu." Na kweli, nilikuwa nimeiona imeandikwa kwa makaa kwenye turubai lake.

"Tata, ile ilikuwa ya mufalme," nikamjibu. "Haiko ya sebule yetu."

"Mufalme njo anakula peke yake? Hii nyumba, mutoto, baba yako alikuachia juu na chini. Wee unakalia juu tu."

Banza alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia tutaomba, na tutampa jibu. Ndipo tukafanya jambo ambalo watu wengi wa kanisa letu walifanya ingawa Pasta alilikataza: jioni tulifunga macho, kila mmoja akafungua Biblia na kuweka kidole, ili Mungu achague. Mimi niliangukia orodha ya majina ya watu waliozaliwa na watu. Feza aliangukia ndege wasioliwa. Monga aliweka kidole kwenye ramani ya nyuma, juu ya bahari. Banza alipata maneno ya katikati ya hadithi, askari fulani akifunga punda. Akafunga kitabu akasema, akiniita yaya kama wadogo wa kwetu wanavyomwita dada mkubwa, "Yaya, Mungu anasema tuulize batu."

Nikaenda kumuuliza Pasta Umba. Nilimkuta akiwapa kuku maji nyuma ya kanisa. Nilimweleza hofu yangu: ile ni nyumba pekee, watoto wanalala pale, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanikumbusha ndege wa angani ambao hawalimi wala hawavuni, na ya kesho ambayo itajisumbukia yenyewe, na lile la Mithali, kumtumaini Bwana kwa moyo wote na kutozitegemea akili zetu. Nilirudi nimesimama wima. Sikujua kwamba siku mbili baadaye Banza naye alikwenda kwa Pasta, akampata kwa kuku walewale, akamweleza hofu yake: Feza amerudishwa shuleni mara mbili kwa kukosa ada, Monga anakohoa, na yeye mwanaume anakula jasho la dada yake. Pasta alimsikiliza mpaka mwisho. Akamkumbusha mvivu anayetumwa kwenda kumtazama chungu, na Paulo aliyesema asiyefanya kazi asile, na lile gumu kuliko yote, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Banza naye alirudi amesimama wima. Tukagombana tukiwa wote wawili na Pasta mfukoni.

Ugomvi wenyewe ulitokea asubuhi, watoto wakinywa uji. Nimeukumbuka mara nyingi kiasi kwamba sijui tena nini kilisemwa kwanza.

"Yesu alisema ndege habapandi," nikamwambia.

"Ndiyo. Na uliisha kuona ndege anaikala mu nyumba anangoja? Anaamuka mbele yako, Yaya. Anatafuta siku muzima."

"Usitegemee akili yako, Banza."

"Ile akili nani alinipa? Mwepu?"

"Nikikubali shimo, nyumba ikianguka, nitasema nilitumaini nani?"

"Na Feza asiposoma, utasema ulitumaini nani?"

Feza alikuwa ameshika kikombe, hanywi. Ni pale niliposema neno ambalo mtoto wa kwanza hapaswi kusema: kwamba nyumba iko mikononi mwangu, na atakayeshuka shimoni asirudi kwangu na udongo ule. Banza alimaliza uji wake. Alikunja blanketi lake taratibu, akatoka, akavuka ua, akagonga kwa Mama Mujinga.

Mama Mujinga, mjane, alikuwa amekubali shimo la Tata Mwepu. Alisema yeye hana muda wa kuchagua kati ya mistari, atachukua ule utakaokuja na magunia. Sebule yake ilipasuliwa wiki ileile, na Banza akaingia kikosi cha Tata Mwepu. Mimi nilimweleza Mungu habari hiyo kila siku kama mtu anayepeleka mashtaka.

Kwa muda wa miezi mitano nilimwona mdogo wangu kila saa sita mchana, kwa sababu kikosi kile kilikula kwangu. Alisimama kwenye msururu pamoja na wenzake, kichwa kimejaa vumbi la kijivu, taa imefungwa kipajini. Alilipa kama wengine, nami nilipokea. Vijana walinichokoza.

"Mama, huyu mudogo yako hata kipande cha nyama humuongezee?"

"Anapata sawa ya bengine."

"Eh, Banza, afazali yatima ya bila yaya."

Yeye aliendelea kula. Siku moja tu, alipokuwa akirudisha sahani, aliniuliza, "Yaya, ungali unatwangia sombe palepale? Nyuma ya chumba ya batoto?"

"Palepale. Unauliza nini?"

"Asubuyi? Mbele ya saa tatu?"

"Banza, kama unataka kuniambia kitu, sema."

"Apana. Sombe iko muzuri." Akaondoka. Nilidhani ananicheka. Wiki ileile Feza alirudi shuleni, ada imelipwa, na karani hakutaka kusema nani ameilipa. Niliamua kwamba ni Mungu, na sikuuliza zaidi, maana jibu lingine lingenilazimu kutembea hatua thelathini kuvuka ua.

Kisha Banza akaondoka. Alimuaga Feza, si mimi. Alimwambia anakwenda Tenke kutafuta kazi. Mama Mujinga alisema kikosi kimemfukuza, hajui kwa nini, vijana wa chini hawasemi mambo ya chini. Mimi nilifikiri: ameiba. Sikulitamka, lakini nilifikiri hivyo, na nikaona haya kwa ajili yake, na katika haya ile palikuwa na kiasi kidogo cha furaha ambacho leo naweza kukiandika.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Jumapili moja, tukiwa kanisani, tulisikia mshindo ambao wengine walidhani ni radi. Tuliporudi, sebule ya Mama Mujinga ilikuwa imezama pamoja na baraza lake, mabati yamelala juu ya shimo kama kifuniko. Nyumba ya upande wetu wa pili, ambayo chini yake handaki lilikuwa limepita, ilikuwa imekatika katikati, kitanda kinaonekana kutoka barabarani. Hapakuwa na mtu ndani, wala chini, kwa sababu ya Jumapili. Kati ya nyumba hizo mbili ilisimama yetu. Ilikuwa na ufa mmoja juu ya mlango, unaopitisha kidole. Nilizunguka mara tatu nikigusa kuta. Monga alinifuata akigusa pale nilipogusa.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa aliuliza nani ana ushuhuda. Nilisimama. Nilikuwa nimeuandaa kwa wiki nzima. Nilieleza habari za Tata Mwepu na chupa nne, na mali ya giza, na jinsi nilivyokataa. Nilisema walionitazama waliniona mjinga, lakini nilimtumaini Bwana kwa moyo wote. Nikasema handaki lilipita kulia na kushoto, na kwangu halikugusa. Na mwisho, bila mtu kunilazimisha, nikasema: "Mudogo yangu Banza alitumaini akili yake. Leo iko wapi? Haiko na nyumba, haiko na jina." Kanisa zima lilisema amina. Korali iliimba beti zote. Akina mama walinikumbatia mmoja mmoja, na tangu siku ile nikawa mtu wa kuitwa. Niliitwa mpaka mtaa wa Mutoshi kwenye mkutano wa akina mama, niliitwa kwenye maombi ya wajane, na kila mahali niliutoa ushuhuda uleule, na sentensi ya Banza niliiweka mwisho kwa sababu niliona ndipo watu wanapoinama. Niliacha mambo mengi maishani, shule ikiwa mojawapo. Ushuhuda ule ndio ulikuwa cheti changu.

Banza alirudi mara chache katika miaka hiyo yote, kwa harusi ya Feza, kwa ugonjwa wa Monga. Tulisalimiana vizuri. Tulizungumza bei ya unga. Nilimhurumia, na yeye, nadhani, aliiona huruma yangu akaiacha ikae pale ilipo.

Sasa nirudi mezani. Tata Mwepu alipomaliza kile kipande cha kuku, aliangalia dari, akaangalia kuta, akamgonga Banza begani. "Hii nyumba," akasema akicheka, "ni mi nilipashwa kuikula. Huyu kichwa nguvu njo alinikatala."

Kabamba, ambaye hajui ya zamani, akauliza alimkataza vipi. Na Tata Mwepu akasimulia kama mtu anavyosimulia soka. Mshipa wa mawe, alisema, ulitoka kwa Mujinga ukaja moja kwa moja chini ya nyumba ya Ngoie, na hapo ulikuwa mnene kuliko mahali pote. Hawakujua wako chini ya nani, chini hakuna barabara. Ila Banza alisikia juu yake kitu kinapiga mara mbili, kimya, mara mbili, kimya. Akawaambia wenzake: simameni, ule ni kinu cha yaya yangu, batoto banalala pale. Kesho yake, kwenye sahani, alihakikisha.

"Mi nikamwambia, ardhi haina jina. Kata. Akakatala. Akaikala na mugongo ku ukuta, nyundo mu mukono, siku mbili. Habakumupa chakula. Benye kumucheka banacheka, benye kumutukana banatukana. Siku ya tatu akaniambia: Pedeje, zunguka, uache hapa nguzo ya mawe, upana kama chumba, na sehemu yangu ya musimu yote ubakie nayo. Bon. Nikahesabu, nikaona iko sawa. Tukazunguka. Lakini mutu wa vile huwezi kufanya naye kazi. Nilimufukuza." Akanyoosha mkono kuchukua maji. "Mvua ikakuya. Kwa bengine, pwaa. Hapa inasimama mpaka leo. Nilikuwa nafikiri munajua."

Hakuna aliyejua. Feza alimwangalia Banza, Mama Mujinga aliangalia sahani. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko. Nikamuuliza Banza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii.

Banza alinawa mikono kwanza. "Feza aliniandikia juu ya ushuhuda," akasema. "Ulikuwa uliisha kuutoa, Yaya. Nitasema nini? Nisimame ku kanisa niseme apana, haikuwa Mungu, ilikuwa mi?"

"Ungeniambia mimi peke yangu."

"Ulisema nisirudi na ule udongo."

Pasta Umba aliweka fimbo yake kati ya magoti. Alisema jambo ambalo sikulitegemea kwa mchungaji. "Bote wawili mulikuya kwangu wiki moja. Niliona kila mutu analeta jibu lake, anatafuta tu mustari wa kulifunika. Nikabapatia. Nilikuwa muchovu, na kuku balikuwa na kiu." Kisha, kama mtu anayekumbuka kazi yake, akaongeza: "Lakini ile haivunje kitu. Mungu alitumia Banza. Ushuhuda yako inabakia."

"Basi alinitumia bila kunipa chakula," Banza akasema, na wote wakacheka, hata mimi, kwa sababu lilichekesha.

Nimeligeuza jibu la Pasta mara nyingi tangu siku hiyo. Ni jibu zuri, na sina hakika kwamba si la kweli. Mimi juu niliomba, yeye chini aliketi. Nilisema usitegemee akili zako, na akili zake ndizo zilizotambua kinu. Nilisema kesho itajisumbukia, na aliyejisumbua ni yeye. Yeye naye alisema mtu awatunze wa nyumbani mwake, na alipofika mahali pa kupata mali ya kuwatunzia, aliiacha ukutani, akabaki hana kitu, akingoja kama mimi nilivyongoja. Mistari ile bado haikubaliani kichwani mwangu. Ninachokijua ni kidogo: ni rahisi kusema umemtumaini Mungu wakati mtu mwingine amekaa siku mbili gizani na mgongo wake ukutani. Lakini hata hilo si kubwa. Nyumba kusimama, anaweza kushukuriwa Mungu, anaweza kushukuriwa Banza, wala hawagombani. Kilicho kikubwa ni sentensi ya mwisho ya ushuhuda wangu. Hiyo haikutoka kwa Mungu wala haikumhusu.

Kabla Banza hajarudi Tenke nilimwomba abaki mpaka Jumapili, nisimame mbele yake. Alisema ana kazi Jumatatu, na Jumapili ni siku ya safari. "Sema tu," akaniambia akifunga mfuko. "Feza ataniambia kama ulisema muzuri."

Jumapili mzee wa kanisa aliuliza, nikasimama. Nilieleza habari za kinu, na siku mbili, na nyundo, na sehemu ya msimu mzima. Nilisema nguzo iliyo chini ya nyumba yangu ina jina, na jina ni Banza. Watu walilia. Korali iliimba kabla hata sijamaliza, na mama mmoja wa Mutoshi akapaza sauti kwamba sasa ushuhuda umekuwa mkubwa mara mbili. Nilibaki nimesimama mpaka ubeti wa mwisho, kwa sababu bado sikuwa nimesema lile jingine: kwamba nilimtaja ndugu yangu kwa ubaya mbele yao, mahali na mahali, miaka na miaka, nikijua kwamba sijui. Wimbo uliisha. Mzee akauliza nani mwingine. Watu walinitazama kwa upendo mwingi, wakingoja nikae, na nikakaa.

Feza alimpigia Banza simu jioni. Akamwambia yaya alisema vizuri sana.